Raba za breki za baiskeli ya mbio: anza na rimu

Kabla hujatoka nyumbani kwenda kununua raba, pindua baiskeli magurudumu yatazame juu, safisha ukingo wa rimu kwa kitambaa na uujue vizuri. Raba huchaguliwa kwa kufuata rimu, halafu umbo la breki, halafu mahali unapopita. Wengi huanza na bei, ndiyo maana pale Mtwara mjini unaona rimu nzuri za alumini zimechimbika mifereji kabla ya wakati wake.

Kuitambua rimu ni kazi ya sumaku ndogo. Ikinata, rimu ni ya chuma iliyopakwa kromu. Isiponata na rimu ina rangi ya fedha isiyong'aa sana, ni alumini. Ikiwa nyeusi hadi kwenye ukingo unaobanwa na breki na unaona mfumo wa nyuzi, ni kaboni.

Rimu ya alumini ndiyo rahisi kuhudumia, lakini inalika. Pitisha kidole ukingoni kutoka juu kwenda chini: ukisikia bonde, weka rula wima uone mwanga unaopita chini yake. Rimu nyingi zina alama ya kulika, ama mfereji mwembamba unaozunguka ukingo wote, ama kitundu kidogo. Alama hiyo ikishafutika, usinunue raba, nunua rimu. Ukingo uliokonda unasukumwa na upepo wa tairi kutoka ndani, na ukipasuka hupasuka ghafla, mara nyingi wakati wa kubana breki.

Rimu ya kromu hukamata vizuri kavu, lakini ikilowa hukamata kidogo mno, hata kwa raba mpya. Kwa mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, mvua ikianza kati ya Novemba na Desemba mpaka Aprili, hilo si jambo dogo. Raba laini za rangi ya samoni (waridi inayoelekea chungwa), au zenye ngozi usoni zilizotengenezwa kwa ajili ya chuma, hupunguza tatizo. Haziliondoi. Kama baiskeli ni ya kwenda mbio barabara ya Mingoyo, fedha yako ni afadhali iende kwenye rimu ya alumini yenye idadi ileile ya spoki.

Kaboni inataka raba zake peke yake. Raba ya kawaida huzalisha joto ambalo gundi ya kaboni haivumilii, na kwenye mteremko mrefu ukingo unaweza kulainika na kuvimba. Usihamishe raba iliyowahi kutumika kwenye alumini ukaipeleka kwenye kaboni: vipande vya alumini vilivyojificha ndani yake vitaikwangua.

Sasa umbo. Fungua raba moja ya zamani uende nayo dukani. Maelezo ya mdomo hayatoshi. Raba ya kalipa (mikono miwili inayobana rimu) ya baiskeli ya mbio ina urefu wa takribani sentimita 5 na bolti ya milimita 6. Raba ya breki za V, zile za baiskeli za milimani, ina takribani sentimita 7, bolti ndefu yenye nyuzi na washa za mviringo zilizobonyea. Ukiilazimisha kwenye kalipa itagonga foku. Breki za kantileva za zamani hutumia raba yenye nondo laini isiyo na nyuzi.

Zipo raba za kipande kimoja, na zipo za kibebeo cha chuma ambamo raba huchomekwa na kufungwa kwa skrubu ndogo. Nunua za kibebeo. Mara ya kwanza ni ghali, lakini baadaye unabadilisha raba tu bila kugusa pembe uliyokwisha kuipanga. Ziko familia mbili zisizoingiliana, za watengenezaji wa breki Shimano na Campagnolo. Kalipa za mbio za Tektro na SRAM kwa kawaida hutumia umbo la Shimano.

Mwenye baiskeli ya mtumba ya miaka ya 1970 au 1980 asome ubavu wa tairi kabla ya yote. Nyingi zilitoka kiwandani na magurudumu ya inchi 27, ambayo kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa ni milimita 630. Magurudumu ya 700C yanayopatikana zaidi leo ni milimita 622. Ukibadilisha gurudumu, rimu inashuka milimita 4 mbali na kalipa, kwa hiyo na raba lazima ishuke milimita 4. Kama tundu refu la mkono wa kalipa limeishia hapo, raba itabaki juu na kusugua tairi mpaka mpira wa ndani upasuke. Usipanue tundu kwa tupa, mkono wa kalipa utadhoofika. Tafuta kalipa ya mikono mirefu. Pima kutoka bolti inayoshika kalipa hadi katikati ya ukingo wa rimu: kalipa fupi hufikia milimita 39 hadi 49, ndefu 47 hadi 57.

Ugumu wa raba ndipo mazingira yetu yanapoingia. Kuna mchanga kila mahali, kuanzia Mikindani na Msanga Mkuu mpaka juu kwenye Uwanda wa Makonde, na barabara ikilowa gurudumu huupandisha moja kwa moja kwenye rimu. Raba laini hukamata vizuri majini lakini humeza chembe za mchanga, nazo chembe hukata alumini, na vipande vya alumini vikizama kwenye raba vinaendeleza ukataji. Raba ngumu sana haimezi mchanga, ila haikamati, na huteleza vibaya penye maji. Ushauri wetu: chukua raba ya ubora wa kati hadi laini, ya samoni ukipata, halafu kubali kazi ya kuisafisha. Anayetaka raba ngumu ili asisafishe anabadilisha usalama wake kwa dakika tano.

Rangi peke yake haithibitishi kitu, maana yeyote anaweza kupaka rangi plastiki. Bonyeza uso wa raba kwa ukucha: iache alama hafifu inayorudi polepole. Isipoacha kabisa, ni plastiki au imekaa dukani kwenye joto hadi ikakauka. Ukiona nyufa ndogo pembeni au uso unaong'aa kama kioo, iache. Na raba iliyokatwa kwenye tairi kuukuu la gari isifungwe kwenye baiskeli ya mbio: haikutengenezwa kwa kubana rimu, na ikiwa na nyuzi za chuma ndani inakwangua alumini siku hiyohiyo.

Kama baiskeli ina breki za diski, yaani pedi hubana bati la mviringo katikati ya gurudumu badala ya rimu, mambo ni mafupi zaidi. Umbo la pedi lazima lilingane na kalipa kabisa. Hata pedi za kalipa za Avid BB5 na BB7, za kampuni moja, haziingiliani. Pedi za rezini ni tulivu na hukamata upesi, lakini huisha haraka penye tope na mchanga. Za chuma kilichochomwa (sintered) hudumu na huvumilia joto la mteremko mrefu, kama ule wa kushuka kutoka Newala kuelekea Masasi. Soma kwanza maandishi kwenye diski: ikiandikwa ni ya rezini tu, usiweke ya chuma. Badilisha pedi ikibaki milimita 1 ya sehemu ya kusugua, bila kuhesabu bati lake. Mafuta ya cheni yakiingia kwenye pedi, usihangaike kuiosha kwa petroli, tupa.

Kufunga raba za rimu: safisha ukingo kwa spiriti na kitambaa safi, kamwe si mafuta ya taa, yanaacha utando. Paka grisi kidogo sana kwenye nyuzi za bolti, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani hugandisha bolti kwenye alumini. Raba yenyewe isiguswe na grisi. Kibebeo chenye upande uliofungwa na upande ulio wazi, uliofungwa utazame mbele. Rimu inapozunguka huivuta raba mbele, na ukikosea hapo itachomoka mara ya kwanza utakapobana kwa nguvu.

Bana breki, panga raba iwe milimita 1 chini ya ukingo wa juu wa rimu, isiguse tairi na isiteremke chini ya sehemu bapa. Kisha weka kipande cha kadi ngumu chini ya ncha ya nyuma ya raba na ukaze ukiwa umeshikilia breki. Ncha ya mbele itagusa kwanza, pengo la nyuma likiwa kati ya nusu milimita na milimita 1. Pengo hilo ndilo linalozuia breki kupiga mayowe. Kaza bolti kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 hadi 7. Kwa alenki fupi namba 4 ni mkono kukaza hadi ikatae, bila kuongeza bomba. Ukiachia, jumla ya nafasi ya pande zote mbili iwe milimita 3 hadi 4. Kama mkono wa breki unagusa usukani kabla raba haijakamata, waya ndio wa kurekebisha.

Raba mpya haikamati kikamilifu mara moja. Tafuta barabara tulivu, nenda mwendo wa wastani na upunguze mpaka karibu kusimama, mara kumi hadi ishirini. Baada ya kilomita 50 kaza tena bolti na ukague waya, maana waya mpya hunyooka. Msimu wa mvua, kila wiki ondoa gurudumu, chokoa chembe kwa ncha ya sindano, na uso uliong'aa upitishie msasa laini mara mbili tatu. Mifereji ya raba ikibaki kina cha chini ya milimita 1, badilisha zote mbili za gurudumu hilo kwa pamoja.