Festival ikigoma kukompaili, anza na speech_tools

Wadau, jana usiku hapa Ngamiani Tanga nilikuwa nasetapu seva ya kusoma maandishi kwa sauti, kompyuta moja iongee kwa niaba ya zote za ofisi, programu ya Festival, inayosoma maandishi kwa sauti, ikanigomea kubildi (kugeuza kodi yake iwe programu inayowaka) mpaka nikajua tatizo ni mpangilio wa folda tu. Fanya hivi: folda ya speech_tools ikae ubavuni mwa folda ya festival, zote ndani ya folda moja, usiiweke ndani ya nyenzake, halafu ingia kwanza speech_tools, piga kwenye terminali amri ya ./configure kisha make, ikiisha salama ndo uhamie festival urudie hivyohivyo. Inakubali kwa sababu Festival, kazi ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, haijitegemei, inatumia laibrari (vipande vya kodi vya kuazima) za speech_tools na inazitafuta kwa njia ya ../speech_tools, isipozikuta pale zikiwa zimeshakompailiwa inakwama. Kama ulishajaribu ikafeli piga make clean kwanza kufuta bildi ya zamani, mabaki ya zamani yanasumbua sana. Njia hii haitasaidia kama erori inataja curses au ncurses (laibrari ya kuendesha maandishi kwenye terminali), hapo kinachokosekana ni paketi ya ncurses ya madevelopa, iinstoo uanze upya. Na ukishawasha festival --server inasikiliza poti 1314, ila mashine nyingine zikikataliwa usirudi kubildi jamani, bildi yako ni nzima, ongeza majina yao kwenye server_access_list, orodha ya mashine zinazoruhusiwa kwenye setingi za Festival, maana mwanzoni inaruhusu localhost tu, yaani kompyuta yenyewe.