Ukipanga likizo Essaouira, anza na upepo

Watu wa Nairobi wakisema "twende pwani" huwa wanaona Diani: mchanga mweupe, maji ya uvuguvugu, dafu mkononi. Ukiipanga Essaouira kwa picha hiyo utarudi umenuna. Mji huu wa Moroko uko ukingoni mwa Atlantiki, kama kilomita 180 magharibi ya Marrakech, na mwenye mji ni upepo. Wenyeji huuita Swira. Mimi ni fundi wa kushona, nina cherehani mbili Eastleigh, na nilikwenda huko na mama yangu, mzee wa Lamu, nilipopata zamu yangu ya chama. Nayaandika haya kwa yeyote anayetaka kusafiri na mzazi, au kusafiri kwa pesa zilizohesabiwa. Makosa mawili tuliyoyafanya yalituuma, na wewe huna haja ya kuyarudia.

Chagua mwezi kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilikuwa nimeshauweka moyo Julai, maana Nairobi ni baridi na wateja wangu hupungua. Mama akauliza swali moja tu: "Huko upepo wao wavuma miezi gani?" Nikatafuta, nikamsomea: Aprili hadi Septemba ndipo unapovuma kwa nguvu, ukitoka kaskazini. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni miezi ya kusi, mwanangu. Ngoja kusi life."

Upepo wao hautoki upande wa kusi yetu, ule upepo wa kusini, wala hauna chanzo kimoja nayo, lakini kalenda ya mabaharia wa Lamu iliufaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Bahari ya huko ni baridi kwa sababu ya mkondo wa Canary unaoshuka kutoka kaskazini, na maji ya kina yanayopanda juu karibu na ufuo. Bara, kiangazi, Marrakech hukaribia nyuzi 40. Hewa ya moto ikipanda, hewa ya baharini hukimbilia kuijaza nafasi, na njia yake ni hapo hapo Essaouira, ambapo siku hiyo hiyo joto huwa nyuzi 22 au 23 tu. Asubuhi huwa kumetulia. Adhuhuri ikipita mchanga unaanza kuruka. Oktoba, wakati huku tunaingia tanga mbili, kipindi kati ya kusi na kaskazi, upepo wa kaskazini, kule nako upepo unapungua. Tukaenda wiki ya kwanza ya Oktoba na hatukujuta.

Kama wewe ni kijana wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara, basi geuza ushauri wangu: nenda Juni, upepo ndio ulioufuata. Ila ujue kuwa mwishoni mwa Juni kuna tamasha la muziki wa Gnawa, linalofanyika tangu 1998, na vyumba huisha mapema na bei zake hupanda. Katikati ya majira yao ya baridi, Desemba na Januari, kuna mvua, mawimbi makubwa na vyumba vyenye unyevu. Na tazama Ramadhani imeangukia lini. Mchana mikahawa mingi hufungwa, na hata saa ya nchi hubadilishwa: kwa kawaida wako nyuma yetu kwa saa mbili, Ramadhani huwa tatu.

Viza isikupite. Ubalozi wa Moroko uko hapa Nairobi. Waulize masharti ya pasipoti ya Kenya, pata jibu, ndipo ulipe tiketi. Nasi tangu 2025 tuna ubalozi wetu Rabat, andika anwani yake kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake.

Njia ni nyingi za kufika Casablanca kwa kubadilisha ndege: Cairo, Doha, Dubai, Istanbul. Sisi tulipita Cairo. Kosa letu la kwanza lilikuwa hapa. Tulitua alfajiri, nikataka kuokoa pesa ya hoteli, tukaunganisha moja kwa moja na basi la kwenda Essaouira, safari ya saa sita na zaidi. Tulipofika, miguu ya Mama ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia. Kama una mtu mzima, lala Casablanca usiku mmoja. Kesho yake mpeleke Msikiti wa Hassan wa Pili, uliofunguliwa 1993 na kujengwa ukingoni mwa bahari, halafu panda treni hadi Marrakech. Kwenye treni mtu anaweza kuinuka akanyoosha magoti. Kituo cha mabasi ya Supratours kiko kando ya kituo cha treni cha Marrakech, na kutoka hapo ni saa tatu hivi hadi Essaouira. Kata tiketi siku moja kabla, mabasi hujaa. Begi hulipiwa kando, dirham chache.

Pesa yao, dirham, hutaipata Nairobi. Badilisha shilingi ziwe euro au dola mjini, kisha ununue dirham ukitua. Kichwani mwangu niliihesabu dirham moja kuwa shilingi 14, ikanitosha kwa hesabu za sokoni. Tunza risiti, utazihitaji kubadilisha baki kabla ya kuondoka. Sokoni ni pesa taslimu. Yale mazoea yetu ya kulipia hata sukuma wiki kwa simu yaache Jomo Kenyatta. Na plagi zao ni za vijiti viwili vya mviringo, kwa hiyo nunua adapta Luthuli Avenue kabla ya kwenda.

Sasa nguo, na hapa nizungumze kama fundi. Usibebe kitu chochote chepesi kinachoning'inia. Buibui la kitambaa laini linalopendeza Eastleigh litakuwa tanga pale kwenye ukuta wa bahari, utalishika kwa mikono miwili usiweze kushika mkono wa mzazi wako. Nilimshonea Mama gauni la kitambaa kizito, nikatia uzito kwenye pindo la chini: mkanda wa pamba uliokunjwa mara tatu. Mikono nikaitia lastiki. Mtandio alivaa wa kuzungushwa na kubanwa kwa pini mbili, moja chini ya kidevu, moja begani. Juu yake jaketi lisilopitisha upepo. Nilinunua mawili Gikomba, ya mtumba, na yalikuwa bora kuliko yale niliyoyaona dukani. Kofia ya jua iache nyumbani. Miwani ibebe, si kwa jua, kwa mchanga. Wanaume, kanzu ni sawa, lakini suruali iwe ndani.

Chumba. Mji wa kale uko ndani ya kuta na magari hayaingii. Mtashushwa langoni, Bab Doukkala au Bab Marrakech, na hapo kuna wenye mikokoteni wanaobeba mizigo hadi mlangoni. Patana nao kabla gurudumu halijazunguka. Mama alipoona mikokoteni hiyo kwenye vichochoro vyembamba, na milango ya mbao yenye vizingiti vya mawe, alitulia kabisa. "Pana punda wangapi hapa?" akauliza. Na hakukosea kuona kwao: Mji Mkongwe wa Lamu na mji wa kale wa Essaouira viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 2001. Ila Essaouira ni kijana kwa Lamu. Sultani Mohammed ben Abdallah ndiye aliyeujenga kuanzia miaka ya 1760, mchoro ukitolewa na mhandisi Mfaransa, Théodore Cornut, na ndiyo maana barabara zake kuu zimenyooka, hupotei. Wareno walikuwa wamejenga ngome hapo mapema zaidi, mwaka 1506, wakiuita mji Mogador.

Kosa letu la pili lilikuwa dirisha. Nililipia zaidi ili tuone bahari. Usiku mawimbi yakapiga ukuta kama mtu anayebisha hodi, shuka zikawa na unyevu, Mama hakulala. Asubuhi nikaomba tuhamie chumba cha ndani, kinachotazama ua, na kilikuwa rahisi zaidi. Kwa hiyo ukiandikiana na mwenye nyumba, uliza mambo matatu: chumba kiko ghorofa ya ngapi, ngazi zina mahali pa kushika, na je, kinatazama bahari au ua. Nyumba hizi za kale ni ndefu na ngazi zake ni za kupinda, za mawe, za kukwea kama unapanda mnazi. Mtu wa magoti apewe chumba cha chini. Bahari mtaiona darini wakati wa chai.

Siku nne zinatosha, na zipange hivi: asubuhi nje, mchana ndani ya vichochoro, jioni kutegemea hewa. Asubuhi nenda bandarini. Mashua za buluu zimebanana, shakwe wanapiga kelele, dagaa wakubwa wa sadini wanamiminwa kwenye makreti. Unaweza kununua samaki ukapeleka kwa mchomaji. Simama mbele ya mizani, uliza bei ya kilo, uliza na bei ya kuchoma, ndipo aguse kisu. Samaki hupakwa mchanganyiko wao wa kitunguu saumu, dania, bizari nyembamba, paprika na ndimu, na huliwa kwa mkate wa mviringo. Mama alisema umekosa nazi tu. Alimaliza sadini sita.

Mvuvi mmoja alimwita Lhajja, akimpa kiti. Ndivyo wanavyomwita mama mtu mzima, awe amehiji au la. Mama akanong'ona, "Mwambie sijakwenda bado," nikamwambia apokee hiyo kama dua.

Lugha isikutishe. Kiarabu chao si kile cha chuoni, na wengi husema Kifaransa, lakini Kiswahili chako kitakusaidia kuliko unavyodhani. Sukari, kahawa, sabuni, bahari, dakika: yatamke kwa kuyakata mwisho utaeleweka. Ghali ni ghali ile ile, na rahisi wao husema rkhis. Bei ngapi ni "shhal". Angalia neno moja: safi. Kwao maana yake ni "basi, inatosha". Mama alionja chai ya mnanaa, akamsifu kijana aliyekuwa akimimina kutoka juu, "Safi!" Kijana akainua birika pale pale, kikombe nusu. Ilibidi nimwombe aendelee.

Mafuta ya argani utauziwa kila kona, basi jua unachonunua. Ya kula hutoka kwenye kokwa zilizokaangwa, rangi yake imekolea na yananukia kama karanga. Ya ngozi na nywele hutoka kwenye kokwa mbichi na ni mepesi. Tafuta ushirika wa akina mama wanaopasua kokwa kwa jiwe mbele yako. Keti, tazama jinsi kiganja kinavyochoka, hutabishana bei kwa ukali. Wale mbuzi juu ya miti kando ya barabara kweli hupanda kula matunda ya mwargani, lakini wengine hupandishwa na watu ili watalii walipie picha. Sikumsimamisha dereva.

Alasiri moja ya upepo itoe kwa Gnawa. Ni kizazi cha Waafrika weusi waliovushwa Sahara kama watumwa, na muziki wao, wa gambusi nene la nyuzi tatu liitwalo gembri na vipande vya chuma vinavyogonganishwa mkononi, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi mwaka 2019. Zawia yao, nyumba yao ya ibada pale mjini, ina jina la Bilal, mwadhini wa Mtume. Mama alisimama nje ya mlango huo muda mrefu. Sisi wa pwani tunajua masoko ya watu yalikuwaje, na tunajua nani alibebwa kwenye majahazi. Hakusema kitu. Alisoma Fatiha, tukaondoka. Nakuomba usipite pale mbio mbio ukiwa na kamera.

Jioni ya mwisho, kama mmekwenda kabla Oktoba haijakwisha, pandeni teksi ndogo ya buluu hadi mwisho wa ufuo, karibu na mdomo wa mto Ksob, saa moja kabla ya jua kuzama. Beba darubini. Kwenye visiwa vya mbele yenu huzaliana kozi wa Eleonora, ndege mwembamba wa mabawa marefu. Visiwa hivyo vimehifadhiwa, kwa hiyo watazameni kutoka ufuoni. Kozi hawa hulea makinda mwishoni mwa kiangazi ili wawinde ndege wadogo wanaohama kutoka Ulaya, kisha wao wenyewe hukatiza bara zima la Afrika kwenda kupitisha miezi ya baridi Madagaska. Nilimweleza Mama hivyo huku nikimrekebishia darubini. Alihesabu saba. Halafu akaishusha, akatazama upande upepo ulikotoka, na kuniuliza, "Na wao wangoja kaskazi, au wanakwenda hivi hivi?"