Jinsi ya kuandika mafanikio yako kwenye maombi ya kazi ya uhandisi

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani Chumbageni na bahasha mkononi. Amehitimu shahada ya uhandisi mitambo, ameomba kazi sehemu kumi na moja, hajaitwa kwenye usaili hata mmoja. Niliusoma wasifu wake mara mbili. Haukuwa na kosa la tahajia, umepangwa vizuri, na ungeweza kuwa wa mhitimu yeyote wa mwaka wake. Binti niliyekuwa nikimwona akirudi kutoka kiwanda cha mkonge, mikono inamwasha kwa maji ya majani, daftari kwapani, hakuwemo kabisa kwenye karatasi ile.

Tulikaa jioni tatu. Naandika hapa tulivyokwenda, hatua kwa hatua. Mimi ni mhandisi wa matengenezo, huu ni mwaka wa 16 niko viwandani hapa Tanga, na mara nyingi nimekaa kwenye meza ya kuchambua maombi.

Hatua ya 1: Soma tangazo ukiwa na kalamu

Pigia mstari kila kitenzi kwenye sehemu ya majukumu: kukagua, kusanifu, kusimamia, kuandaa. Kisha jiulize kazi yenyewe ina ugumu gani. Vijana wengi wa huku wanaomba kazi zinazohusu bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba linapashwa joto njia nzima. Aliyewahi kushughulika na vipasha joto au vipima joto, hata kwenye kiwanda cha sabuni, hilo alipandishe juu kabisa ya ukurasa. Wengi wanalizika mstari wa mwisho, chini ya “mengineyo”.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kwanza

Usifungue kompyuta bado. Chukua daftari la mistari, na mezani weka shajara ya mafunzo kwa vitendo, ripoti zako, michoro, picha za simu zenye tarehe, na meseji ulizoandikiana na fundi au msimamizi. Mpwa wangu alisema hana chochote cha maana. Tulipofungua shajara yake tukakuta ukurasa wenye doa la maji ya mkonge, na ndani yake jedwali alilolichora kwa rula: tarehe, zamu, joto la beringi (kile chuma kinachoshikilia shafti, yaani mhimili wa mashine, inapozunguka), saa ambazo mashine ilifanya kazi. Alikuwa amelisahau. Ukurasa huo ndio uliobeba maombi yote.

Mifano ya wasifu inayouzwa steshenari iacheni. Mnajaza wote maneno yale yale, na sisi tunaosoma tunaitambua kuanzia mstari wa kwanza. Vile vimistari vya rangi vinavyodai unajua AutoCAD, programu ya kuchorea michoro ya kihandisi, kwa asilimia 80 navyo futeni. Asilimia 80 ya nini? Andika ulichokichora.

Hatua ya 3: Geuza kazi kuwa mafanikio

Hapa ndipo tulipomaliza jioni mbili, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoangukia zamani. Soma taratibu.

Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: “Nilishiriki katika shughuli za matengenezo ya mitambo kiwandani.” Nikamuuliza, ulishiriki vipi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mjomba, nikisema nilifanya mimi, si nitaonekana najisifu?”

Swali hilo si dogo. Tumelelewa na methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtoto mwenye adabu hasemi “mimi” mbele ya wakubwa. Lakini kizuri kinajiuza pale mnunuzi anapokiona. Anayesoma maombi hajakuona. Ana karatasi tu, na karatasi isiposema ulichofanya, hakuna mwingine atakayemwambia. Kusema kweli kwa kipimo chake si majisifu. Majisifu ni kuzidisha.

Angalia silabi ya mwanzo ya kila kitenzi. “Tulibadilisha beringi” inamwacha msomaji hajui wewe ulikuwa nani kati yenu. “Beringi ilibadilishwa” ndiyo mbaya zaidi, mtu hayumo kabisa. “Nilibadilisha beringi” ni ahadi, maana utaulizwa ulitumia kifaa gani kuitoa na uliipasha joto kiasi gani kabla ya kuivalisha kwenye shafti. Andika “ni-” pale tu unapoweza kujibu maswali hayo. Kama ulishika taa fundi akifanya kazi, andika ulichojifunza, usiandike ulichofanya.

Kisha namba. Kisa chake kilikuwa hiki. Kiwanda kina korona, ile mashine inayokwangua jani la mkonge zibaki nyuzi. Nyuzi kavu ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo mzigo unaopita pale ni mkubwa mno, na majani yakishakatwa hayangoji. Korona ikisimama, matrekta yanapanga foleni na majani yanakauka. Beringi zake zilikuwa zikifa mara kwa mara. Yeye akaanza kupima joto lake kila zamu, akaona linapanda saa chache baada ya kupigwa grisi. Grisi ilikuwa inajazwa kupita kiasi. Ikijaa mno inasukwasukwa ndani bila pa kwenda, inazalisha joto, inapoteza ulaini wake, na beringi inakwisha. Aliandika ratiba mpya yenye kipimo cha grisi kwa kila beringi, fundi mkuu akaikubali.

Kwa furaha akaandika: “Nilipunguza kusimama kwa mashine kwa asilimia 80.” Hesabu yake ni kwamba wiki tatu za mwanzo korona ilisimama mara 5 kwa sababu ya beringi, na wiki tatu za mwisho mara 1.

Nikamwambia afute, na sababu ni tatu.

Ya kwanza, asilimia ya vitu vitano haina uzito. Tukio moja zaidi na 80 inakuwa 60. Hesabu ikiwa ndogo, andika zenyewe: kutoka mara 5 hadi mara 1.

Ya pili ndiyo iliyokula muda. Nilimuuliza kama wiki za mwisho mashine ilifanya kazi saa zile zile. Akarudi kwenye jedwali. Mvua ilikuwa imezuia ukataji, majani yakawa machache, korona ikafanya kazi saa 150 badala ya 240 za mwanzo. Mashine isiyozunguka haiharibiki! Angeulizwa hilo kwenye usaili bila kujiandaa, mafanikio yote yangeonekana ya mvua. Tukagawanya: mwanzo ilisimama mara moja kila saa 48, mwisho mara moja katika saa 150. Maendeleo yapo bado, na sasa yanasimama kwa miguu yake. Kwa hiyo kabla hujaandika “niliongeza” au “nilipunguza”, tafuta nini kingine kilibadilika kipindi kile: msimu, malighafi, mota mpya, idadi ya zamu. Ukikiona, kitaje au kitoe kwenye hesabu.

Ya tatu, hakuwa peke yake. Kugundua ni kwake, ratiba ni yake, idhini ni ya fundi mkuu, na waliopiga grisi ni wapakaji wa zamu. Hayo yote yanaingia kwenye sentensi mbili:

“Kwa kupima joto kila zamu, niligundua kuwa beringi za korona zilijazwa grisi kupita kiasi, niliandika ratiba mpya ya grisi, ikaidhinishwa na fundi mkuu na kutumiwa na zamu zote. Kusimama kwa sababu ya beringi kulipungua kutoka mara 5 katika saa 240 za kazi hadi mara 1 katika saa 150.”

Isome tena. Ina tatizo, alichofanya yeye, mipaka yake, na kipimo kinachoweza kuhakikiwa. Haina kivumishi hata kimoja cha kumsifu.

Nasisitiza haya kwa sababu yalinipata. Nikiwa kijana niliandika kwamba nilipunguza matumizi ya umeme kwa asilimia 30. Kwenye usaili mzee mmoja akaniuliza kwa upole, “Asilimia 30 ya mota moja au ya kiwanda kizima? Ulipima kwa mita gani?” Nilikuwa nimeisikia namba ile kwa mwenzangu. Sikuwa na jibu, na kila nilichosema baada ya hapo, hata cha kweli, hakikuaminika tena.

Tahadhari mbili zaidi. Usitoe takwimu za uzalishaji au gharama ambazo mwajiri wako wa zamani hajaziweka wazi. Saa za mashine yako na idadi ya matengenezo zinatosha, na ukiwa na shaka omba ruhusa kwa msimamizi. Na kama wasifu unakwenda kwa Kiingereza, kama wengi wanavyotaka, fikiri na uandike kwanza kwa Kiswahili, utafsiri baadaye, kisha urudishe Kiswahili uone kama maana imebaki. Kiingereza cha kunakili mitandaoni kinavimbisha mambo: “nilisaidia kupima” inarudi ikiwa “niliongoza mradi”.

Hatua ya 4: Sifa binafsi

Futa “mchapakazi, mwadilifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo”. Kila mwombaji ameandika hivyo. Chagua sifa mbili tu, na kila moja uitundike kwenye tukio. Mpwa wangu ni mtu wa kumbukumbu. Tuliandika: “Nilijaza jedwali la joto kila zamu niliyokuwapo kwa wiki nane, zikiwamo zamu za usiku.” Msomaji ataona mwenyewe kuwa ni mvumilivu.

Usipopata tukio la kuitundikia sifa, iache.

Hatua ya 5: Barua

Ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: kazi unayoomba. Ya pili: lile fanikio moja linalogusa ugumu wa kazi yao. Ya tatu: lini unaweza kuanza. Tia saini kwa mkono.

Hatua ya 6: Nyaraka

Usiweke “Mhandisi” mbele ya jina lako kabla hujasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Ukiwa umesajiliwa kama mhandisi mhitimu, andika daraja hilo hilo pamoja na namba ya usajili. Ukiwa kwenye mpango wa SEAP, ule wa mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu, taja umefika mwaka wa ngapi.

Kwa kazi za serikali zinazopitia Ajira Portal, matangazo husema wazi kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita havikubaliwi, wanataka vyeti. Skani vizuri, picha ya simu yenye kivuli cha kidole haifai. Na utume siku mbili kabla ya mwisho, intaneti isije ikakuangusha saa ya mwisho.

Hatua ya 7: Mweleze mtu asiye mhandisi

Jioni ya tatu alimweleza bibi yake, mama yangu, ambaye ujana wake aliwahi kuanika nyuzi za mkonge. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Sasa ile mara moja iliyosimama, ilisimama kwa nini na ratiba yako ipo?”

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Binti akafungua shajara tena: zamu ya usiku, beringi ya upande wa puli, mkanda ulikuwa umekazwa kupita kiasi. Grisi haikuhusika. Akaliandika jibu kwenye kadi ndogo, akaiweka ndani ya shajara, kwenye ukurasa ule wenye doa.