Mpira wa breki umechoka? Namna ya kufunga paipu za stenlesi kwenye pikipiki, hasa kwa sisi wa Pemba

Assalam alaykum ndugu zangu. Msimu wa karafuu uliopita nilikuwa natoka Chake narudi Wete kwa ile barabara ya zamani, wenyewe mnaijua, kona na vilima mpaka unafika, na majamvi ya karafuu yametandikwa pembeni ya lami. Kuku kaingia kwenye jamvi, mtoto katoka mbio kumfukuza, mie nipo kwenye mteremko. Nikabana breki ya mbele, leva ikaja mpaka karibu igonge mkono wa usukani na pikipiki bado inakwenda, nikaongezea na ya nyuma ndo ikasimama, mtoto yupo mbele yangu hatua mbili hivi. Wallahi siku ile sikulala vizuri. Na pedi zilikuwa mpya, nimezifunga wiki ile ile.

Asubuhi nikamwita mdogo wangu abane leva mie nimeushika mpira wa breki (ule unaopeleka oili kutoka kwenye leva mpaka tairini) katikati kwa vidole, nikausikia unavimba kama mshipa. Hapo ndo nikajua shida ipo wapi, na hapo ndo nikaanza habari ya paipu za stenlesi. Naandika nilivofanya na nilivojifunza ili mwengine asipitie makosa niliyopitia.

Kwanza ujue kinachotokea. Ukibana leva, ile pistoni ndogo ya kwenye masta silinda (ile ya kwenye usukani yenye kikopo cha oili) inasukuma oili ya breki, oili haibonyei, kwahiyo inatakiwa nguvu yote ifike kwenye kalipa ikabane pedi kwenye diski. Mpira wa kiwandani ni raba iliyotiwa nyuzi ndani, ukiwa mpya unafanya kazi vizuri tu, lakini miaka ikienda raba inalegea na sehemu ya nguvu ya mkono wako inapotea kuuvimbisha mpira badala ya kubana pedi. Viwanda vingi vya Japani vinaandika kwenye kitabu cha pikipiki mpira wa breki ubadilishwe kila baada ya miaka 4, sasa jiulize hizi pikipiki tunazonunua used zina miaka mingapi na nani kawahi kubadilisha. Paipu ya stenlesi yenyewe ndani ni teflon, hii hii ya kwenye vikaango visivyoganda, alafu juu imesukwa waya za stenlesi kama ukili, ule msuko ndo unaoizuia isivimbe.

Lakini msinielewe vibaya, paipu ya stenlesi haiongezi nguvu ya breki. Inafikisha kile mkono wako ulichotuma, basi. Kama kalipa imekwama kwa chumvi au pedi zimeingia oili, utafunga paipu ya bei na breki itabaki mbovu vile vile. Kwahiyo kabla hujatoa pesa kagua. Bana leva uishikilie kwa nguvu kama dakika moja, ikiwa inazama taratibu inakwenda chini basi kuna pahala panavuja au sili za masta zimekwisha, si mpira. Leva ikiwa laini lakini ukiipampu mara mbili tatu inapanda na kuwa ngumu, mara nyingi ni upepo umeingia. Tazama rangi ya oili kwenye kikopo, ikiwa nyeusi kama chai ya rangi imeshachoka. Na zile pini ambazo kalipa inateleza juu yake zitoe uzitazame, kwetu huku zinakamatwa na kutu vibaya sana kwa hewa ya bahari, zisugue uzipake grisi ya silikoni. Kuna na ugonjwa mwengine watu hawaujui, mpira unavimba kwa ndani mpaka tundu linaziba, oili inakwenda lakini hairudi, unaachia leva na tairi bado limebanwa, diski inakuwa ya moto. Huo mpira ukiutazama kwa nje ni mzima kabisa.

Ikiwa pikipiki yako ni ya breki za dramu mbele na nyuma, zisizotumia oili, kama Boxer na TVS nyingi za bodaboda, haya hayakuhusu, wewe shughulikia waya na brekishuu. Na ikiwa ina ABS (ule mfumo unaozuia tairi lisifunge ukibana breki) usijifungie mwenyewe nyumbani, paipu zake zinapitia kwenye kifaa chengine na kutoa upepo mule pengine kunataka kompyuta.

Sasa kununua. Hapa ndo pana mitego. Kuna paipu zinauzwa rahisi zinang'aa kweli kweli, kumbe juu ni nailoni iliyopakwa rangi ya fedha na vichwa vyake ni chuma cha kupaka. Kwa mtu wa bara labda zitakaa, kwetu miezi michache vichwa vinaanza kutoka kutu pale pale paipu inapoingia. Tafuta zenye vichwa vya stenlesi pia, si aluminiamu wala chuma cha kupaka zinki, na ukiambiwa ni stenlesi ya 316 ndo bora zaidi kwa chumvi kuliko 304, mana ile ina molibdenamu ndani yake. Kampuni zinazojulikana kwa kazi hii ni kama Goodridge na HEL za Uingereza, Galfer ya Spain na Spiegler ya Ujerumani, lakini hata jina kubwa linaigizwa, nunua kwa mtu anayekubali kurudishiwa. Nyengine muhimu, chukua yenye ganda la plastiki juu ya ule msuko. Waya ukiwa wazi unafanya kazi ya msumeno, unakula rangi ya tangi na madigadi, na mchanga wa pwani unaingia baina ya nyuzi. Na tafadhalini, usiende kwa wale wanaotengeneza mipira ya haidroliki ya matrekta ukasema nikatie kipande cha breki, ile ni kazi nyengine na oili yake ni nyengine.

Urefu usipime kwa kuulaza mpira wa zamani mezani tu. Chukua uzi, ufuate njia ya mpira kutoka masta mpaka kalipa, alafu geuza usukani mpaka mwisho kulia na mwisho kushoto, na nyanyua pikipiki mpaka shokapu za mbele ziachie zote. Hapo kwenye shokapu iliyoachia yote ndo paipu inataka urefu mkubwa kuliko pote. Mie natumia Honda XR, shokapu zake ndefu, ningepima imesimama chini ningepata paipu fupi na siku ya kupita shimo lile la njia ya Konde ingevutika. Bolti yenye tundu inayofunga paipu, kwa pikipiki nyingi za Kijapani ni M10 (unene wa milimita 10) yenye meno ya 1.25, yaani milimita 1.25 baina ya jino na jino, kalipa nyingi za Brembo ni meno ya 1.00. Hizi mbili zinaingia kidogo alafu zinakaza, ukilazimisha umeua kalipa, kwahiyo nenda dukani na bolti yako mkononi.

Na washa. Kila bolti inakaa na washa mbili za shaba au aluminiamu, moja kila upande wa kichwa cha paipu. Nunua mpya, zote. Mara ya kwanza nilimpa fundi anifungie na alizirudisha zile za zamani akasema bado nzima, siku ya pili nikakuta oili imechuruzika mpaka kwenye diski, pedi mpya zote zikatupwa. Washa zinabonyea mara moja tu ndo zinaziba, bei yake haifiki hata soda.

Vyengine uwe navyo: spana za boksi, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hata ya kuazima, oili mpya ya breki kopo lililofungwa, mpira mdogo ule wa plastiki unaoona ndani, chupa, vitambaa, ndoo ya maji safi, miwani ya macho, na bomba la sindano kubwa jipya kutoka duka la dawa, ml 60 ukilipata. Kwenye oili soma kifuniko cha masta, kimeandikwa DOT 3 au DOT 4, hayo ndo madaraja ya oili ya breki. DOT 4 unaweza kuitia palipoandikwa 3, wala 5.1 haina tatizo, lakini DOT 5 ni ya silikoni, usiitie wala usiichanganye na hizo. Na usitumie kopo lililofunguliwa mwaka jana, oili hii inavuta unyevu wa hewani na hewa ya Pemba mnaijua. DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, ikishanyonya maji inashuka mpaka kama 155, na ikichemka kwenye mteremko inatoa mvuke, leva inakwenda bure.

Kazi yenyewe. Piga picha kwanza mpira ulivopita, kila kishikizo. Funika tangi na madigadi kwa kitambaa kikubwa kilichorowa, oili ya breki inakula rangi, ikidondoka mwagia maji hapo hapo usingoje. Futa kifuniko cha masta kabla hujakifungua, vumbi likiingia mule linakwenda kukwaruza sili. Vuta oili ya zamani kwa lile bomba la sindano, alafu legeza bolti ya chini na ya juu ukiwa na chombo chini. Toa mpira, na hakikisha washa za zamani zimetoka zote, moja hupenda kubaki imeganda kwenye kalipa ukafunga juu yake. Usiibane leva wakati huu.

Funga paipu mpya kwa mkono tu kwanza, washa mbili kila pahala, usikaze. Ipitishe njia ile ile ya zamani, isijipinde kama kamba ya ndoo wala isivunjike pahala, teflon ikishavunjika kona haifai tena hata ukiinyoosha. Geuza usukani huku na huku, achia shokapu, zibonyeze, tazama kama inagusa tairi, au inavutika, au inabanwa na kitu. Ukiridhika ndo ukaze. Kitabu cha pikipiki yako ndo mwenye kauli, kwa kawaida bolti hizi zinakazwa baina ya 23 na 34 Nm (newton-mita, kipimo cha spana ya toki). Masta ni aluminiamu, ukikaza kwa hasira meno yanatoka na mkebe mzima unatupa. Wakati unakaza shika kichwa cha paipu kisizunguke.

Kutoa upepo ndo panapowashinda wengi, mana paipu ni kavu kabisa na ukianza kupampu leva unaweza kukaa mpaka magharibi hupati kitu. Upepo unapanda juu, kwahiyo msaidie. Jaza oili mpya kwenye bomba la sindano, toa upepo wote ndani yake, livishe kwenye nipo ya kalipa (kile kibolti chenye tundu cha kutolea upepo) kwa ule mpira mdogo, legeza nipo, sukuma taratibu kutoka chini. Utaona mapovu yanatoka kwenye kikopo cha masta juu. Mtu akae juu atazame kikopo kisifurike. Kisha funga nipo, na sasa fanya kawaida: bana leva uishikilie, fungua nipo robo duru, oili itoke kwenye chupa, funga nipo, ndo uachie leva. Mpangilio huo usiupindue, ukiachia leva na nipo ipo wazi unavuta upepo upya. Kikopo kisiishe oili hata mara moja, ikiisha unaanza mwanzo. Kuna upepo unajificha pale juu kwenye bolti ya masta, bana leva, weka kitambaa, legeza bolti kidogo sana, ikilia pss na oili kutoka ikaze, alafu uachie.

Mie baada ya hapo nafunga leva kwa kipande cha tyubu ikiwa imebanwa, naiacha usiku kucha, asubuhi napata leva ngumu zaidi kuliko nilivoiacha. Jaza oili baina ya alama mbili, usijaze mpaka mdomoni.

Kabla hujatoka nje bana leva kwa nguvu zako zote, ushikilie, mtu apitishe tishu kavu kwenye kila kiungo. Ikirowa hata kidogo, usiende. Zungusha tairi ujue linazunguka huru ukiachia. Alafu endesha mwendo wa mtu anayetembea, uani au njia ya ndani, breki mara kumi ishirini. Leva utaiona fupi na kali, kwahiyo siku za mwanzo bana kwa vidole viwili na uwe mwangalifu zaidi kwenye kifusi na lami iliyorowa, tairi la mbele likifunga pale huna muda wa kulirekebisha.

Baada ya kilomita 100 hivi kagua viungo tena. Oili kiwanda kinasema miaka 2, mie kwa unyevu wetu nabadilisha kila mwaka kabla ya masika. Na ukisafirisha pikipiki kwa boti kwenda Unguja ikarowa maji ya bahari, ukishuka tu iogeshe maji yasiyo na chumvi, vichwa vya paipu vyote na kalipa, usingoje mpaka ufike nyumbani.