Ukimkuta kobe wa maji kwenye lami: jinsi ya kumvusha, na bwawa la kumchimbia kama una eneo

Mvua za masika zikianza tu huku kwetu upande wa Ruvu, kobe wa maji wanaanza kutembea, na ndo hapo tunawaokota kwenye lami wamepasuka. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi unakuta watatu wanne kwenye kipande kifupi tu cha barabara. Inaniuma kwa sababu kumvusha mmoja hakufiki hata dakika mbili, ila watu wengi hawajui waanzie wapi au wanaogopa, kwahiyo naandika ninavyofanya mimi.

Kwanza jua umemkuta nani, maana wote tunawaita kobe tu. Wa nchi kavu gamba lake limeinuka kama chungu kilichopinduliwa na miguu ya nyuma ni minene kama ya tembo. Wa maji gamba ni bapa, vidole vina utando kama bata, kucha ndefu, na akijificha kichwa anakilaza pembeni chini ya gamba, hakirudishi ndani moja kwa moja. Usiposhika kingine chochote shika hiki: yule wa nchi kavu usimtie majini, atakufa maji. Kuna watu wenye huruma kabisa wameua kobe hivyo, wakidhani wanamsaidia.

Sasa kwanini huyu wa maji yuko barabarani? Wengi wanaishi kwenye madimbwi yanayokauka kiangazi, maji yakiisha wanajichimbia kwenye tope wanalala humo miezi kadhaa, mvua ikirudi wanatoka kutafuta dimbwi lililojaa, kutafuta mwenza, na majike wanatafuta udongo laini wa kutagia. Yaani ana safari yake. Ndo maana unamvusha upande ule ule aliokuwa anaelekea, hata kama wewe huoni maji yoyote upande huo. Ukimrudisha alikotoka, ukigeuka tu anaingia barabarani tena.

Kabla hujamgusa, usalama wako. Paki nje kabisa ya lami, washa taa za hazadi, angalia nyuma na mbele, na usikilize bodaboda maana hizo zinakuja hujaziona. Kama ni kwenye kona au gari zinakimbia sana na mko wawili, mmoja asimame mbali apunge kitambaa. Watu wengine wanaweka matawi kama vile gari limeharibika, sawa, lakini ukimaliza yatoe, usiache mtego kwa wenye pikipiki usiku. Na kama uko ndani ya hifadhi, mfano ile barabara inayokatiza Mikumi, usishuke kwenye gari hovyo, mpungie wa nyuma apunguze mwendo umpe kobe nafasi apite.

Kumshika: mikono miwili, ubavuni mwa gamba, karibu zaidi na miguu ya nyuma. Shingo yake ni ndefu na anaigeuza pembeni kwahiyo ukishika karibu na kichwa atakung'ata, na kucha zinachana kweli. Usimbebe kwa mkia wala mguu. Mnyanyue chini chini, sentimita chache juu ya ardhi, maana akitoa harufu yake (inanuka, jiandae) au akikojoa watu wanashtuka wanamuachia, na gamba likipiga lami linapasuka. Unaogopa? Msukumie kwenye gunia au kapeti la gari uvute taratibu, au tumia koleo la kuchotea mchanga. Ukishavuka mpeleke hatua kama kumi hivi ndani ya majani, muweke chini anatazama kule alikokuwa anaenda, bas. Nawa mikono kwa sabuni, wanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Aliyepasuka gamba usimuweke kwenye maji na usimpake gundi. Lile gamba ni mfupa, lina damu na anahisi maumivu. Muweke kwenye boksi lenye matundu juu ya kitambaa kilicholowa kidogo, kivulini, usimlishe, wahi kwa daktari wa mifugo au afisa wanyamapori wa wilaya.

Sasa hili la kuwapeleka nyumbani. Mwaka wa kwanza nilimuokota mmoja nikampeleka kwenye tangi la simenti la jirani nikiamini nimempa makazi mazuri. Kuta zilikuwa wima, hakuna pa kupandia kupumzika, siku ya pili tukamkuta amekufa. Anapumua hewa kama sisi, akichoka kuogelea ndo mwisho wake. Mpaka leo sijasahau. Alafu kisheria pia wanyamapori ni mali ya serikali, kufuga bila kibali ni kosa, ipo kwenye Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwahiyo usibebe kobe kumpeleka bwawani, chimba bwawa kwenye njia yao wataingia wenyewe.

La kwangu lipo mwisho wa shamba, upande wa mbali na barabara, na hilo ndo muhimu kuliko yote, ukichimba karibu na lami utakuwa unawaita kwenye matairi. Halina simenti. Upande mmoja kina kinafika kama mita moja, upande mwingine mteremko mlalo kabisa mpaka hata mtoto wa kobe anapanda. Chini acha tope, ndo kitanda chao cha kiangazi, likikauka usilichimbechimbe. Tupia gogo moja wapande waote jua. Acha majani ya pembeni yaote ila gugu maji ukiliona ling'oe lote, litafunika bwawa zima. Dawa za shamba zisitiririkie humo. Uzio usiweke, wawe huru kuja na kuondoka. Juu kidogo ya maji acha sehemu ya udongo laini bila kulima, jike anafukia mayai kama 10 mpaka 30 na yanakaa karibu miezi mitatu. Wenye mabwawa ya perege najua mtalalamika, ni kweli wanakula samaki, ila wanakula pia konokono, viluwiluwi na mizoga, mimi nimechimba lao mbali na la samaki na hatugombani.

Kingine ni kalavati. Kabla ya masika zibua makalavati ya karibu na kwako, toa chupa na viroba. Sisi tulizibua moja na vijana wa kijiweni, mvua ya kwanza kupita nikachungulia kwenye tope la ndani, kulikuwa na alama za kucha mstari mzima, kutoka upande huu mpaka ule.