SOMO: Trela (kitangazo kifupi cha filamu) ambayo mtu hataisahau (soma yote kabla hujanifuata inbox)

Wakuu habari za jioni. Hii naandika mara moja na sirudii. Kila wiki inbox ni ile ile, "kaka nimemaliza filamu, trela natengenezaje", "mangi niangalizie trela yangu", nafungua nakuta dakika tano za watu wanagombana sebuleni alafu mwisho namba ya simu. Mimi hapa Moshi nakula kwa kuediti harusi na vipaimara, filamu ni ugonjwa tu, kwaiyo msinichukulie kama profesa. Niliharibu kwanza ndo nikajifunza.

HATUA YA 1. Maliza filamu. Wakubwa wanatoa trela filamu ikiwa bado jikoni kwa sababu wana watu wa kazi hiyo tu, wewe uko na laptop moja na feni inalia.

HATUA YA 2. Chukua karatasi uandike swali MOJA ambalo mtu akilisikia atataka jibu. "Nani kaficha hati?" ni swali. "Filamu hii inahusu mapenzi, usaliti na tamaa" sio swali, hayo ni maneno ya nyuma ya kava.

HATUA YA 3. Urefu dakika moja, ikizidi sana mbili. Hata studio za Marekani kwa kawaida hazivuki mbili na nusu na wao wana magari yanayolipuka.

HATUA YA 4. USITOE JIBU. Hapa naomba mkae kitako.

Filamu yangu ya kwanza tulipiga Uru, ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Baba kafariki, hati haionekani, kitinda mimba anasingiziwa kaiuza, ndugu wanataka kumfukuza. Mwisho inakuja kujulikana mama mwenyewe ndo aliificha, ndani ya pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ile shoti ya mkono wa mama unatoka kwenye pipa, povu linatiririka mpaka kiwiko, mfuko unang'aa na mwanga wa mlangoni, mpaka leo sijapiga shoti nzuri kama ile. Sasa niambie, wewe ungeiacha? Nikaiweka kwenye trela, tena mwisho kabisa, na ngoma ikipiga dum. Trela ilikuwa dakika 3 na sekunde 40. Tukaongea na jamaa wa kibanda umiza (banda la kuonyeshea video) Majengo akawa anaiweka kabla ya mechi wiki nzima, na watu walikuwa wanapiga kelele kabisa pale mkono unapotoka, mimi nimesimama nyuma najiona nimefika.

Siku ya kuonyesha filamu wakaja watu 15, wanne ni wa kwetu. Nikatoka nje nikamkuta mama mmoja anachoma ndizi mlangoni pale pale, nikamwambia mama karibu ndani, buku tu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Si ile mama kaficha hati kwenye mbege? Tumeshaiona mwanangu. Ni nzuri."

Nilihisi mwili wote umeisha nguvu. Na hakuwa ananikejeli, alikuwa ananisifia.

Nilichoelewa baadae ni kwamba shoti yako nzuri kuliko zote mara nyingi ndo jibu lenyewe, kwa sababu filamu nzima ulikuwa unaielekea hiyo, taa umeipangia, mwigizaji kajiandaa, kwaiyo ukikaa kuchagua klipu mkono unakwenda hapo wenyewe. Kwahiyo tahadhari:

- Theluthi ya mwisho ya filamu usiiguse kabisa. Hata kipande cha sekunde moja. Watu siku hizi wanasimamisha video na kukuza picha.
- Jibu linavuja hata bila picha. Mashairi ya wimbo yanaweza kulitaja. Kava inaweza. Mwigizaji kavaa nguo nyeusi za msiba wa mtu ambaye kwenye trela bado yuko hai, tayari umeshamzika.
- Mpe mtu ambaye hajaona filamu aangalie trela, muulize "unadhani inaishaje?" Akipatia, rudi kwenye mashine. Akikosea kwa ujasiri, umeshinda. Akisema "sijui" huku anashika simu yake, hiyo ni mbaya kuliko kupatia.
- Usimpe mtu wa ndani ya filamu. Watakwambia weka sini yangu.

HATUA YA 5. Sekunde 5 za kwanza. Matangazo mengi ya YouTube mtu anaruhusiwa kuyaruka baada ya sekunde 5, na wewe hizo tano umeweka nembo ya kampuni yako inazunguka na moto. Nembo peleka mwisho. Anza na kitu kinachotokea, mtu anafungua mlango anakuta kitanda kitupu, basi.

HATUA YA 6. Sauti. Panga sauti kwanza, picha zifuate. Trela yangu ya pili ilianza na jembe tu, linapiga udongo mkavu, kha, kha, kha, alafu likagonga kitu ambacho sio jiwe, sauti zote zikakatika sekunde mbili. Kimya. Hapo ndo watu kwenye haisi waliinua macho. Kuna trela ya filamu ya Alien ya mwaka 1979, tafuteni, karibu yote haina mtu anayeongea, yai linapasuka na kelele kama king'ora, na bado mtu anaogopa.

HATUA YA 7. Jina, tarehe, wapi itaonyeshwa. Herufi kubwa zisomeke kwenye simu.

HATUA YA 8. Isikilize kwa spika ya simu sehemu yenye kelele. Kama mazungumzo hayasikiki stendi, hayasikiki.

Nimemaliza. Maswali yawekeni hapa hapa.

---

Mtoto wa Pasua: Somo zuri mkuu. Iwe dakika ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kijana wa Ngarenaro: Kaka naomba app ya bure inayotengeneza trela yenyewe, yaani unaweka filamu inatoa trela

Mwandishi: Na ikishaitoa iende ikaiangalie yenyewe.

Kijana wa Ngarenaro: Duh, nimeuliza tu

Mwandishi: Sawa, samahani. CapCut inatosha kuanzia, na ipo ya simu. Ila kuchagua ni kazi yako.

DadaKiboriloni: Swali la kijinga, kwa nini inaitwa trela wakati inatangulia? Trela si inavutwa nyuma na lori?

Mwandishi: Dada hilo sio la kijinga, ndo swali la maana kuliko yote hapa. Zamani Marekani, miaka ya 1910, hivi vitangazo vilikuwa vinawekwa BAADA ya filamu, vinaifuata nyuma, kama trela kweli. Shida watu filamu ikiisha wanabeba mikoba wanaondoka, kwahiyo wakavihamishia mbele na jina likabaki. Sasa hivi ni trela inayovuta lori.

DadaKiboriloni: 😂 asante. Nikipita njia panda ya Himo nitayaangalia malori kivingine

Meku wa Rau: Mimi napinga. Wazungu wenyewe wanaonyesha kila kitu. Trela ya Cast Away ilionyesha jamaa anarudi nyumbani kutoka kisiwani na watu walijaa sinema. Usitishe vijana.

Mwandishi: Meku nilijua utakuja. Ni kweli, mwaka 2000, na muongozaji Robert Zemeckis aliitetea kabisa, akasema watu wanataka kujua kitu gani wanakwenda kukiona. Ila yeye alikuwa na Tom Hanks. Mimi nilikuwa na baba mdogo wangu. Mtu anakwenda kumwangalia Tom Hanks hata akiwa anamenya viazi.

Meku wa Rau: Kwahiyo kwa harusi je? Kila mtu anajua mwisho wanaoana.

Mwandishi: Hapo umenikamata. Harusi swali sio "wataoana?", ni "bwana harusi atalia?" Onyesha kidevu kinatetemeka, kata.

Chalii wa Njiro: Broo mi na mshkaji wangu huku Arusha tunatengeneza gemu ya simu, wewe ni konda wa kifodi (daladala za huku) unapakia abiria unakimbizana na muda. Haina mwisho, ni pointi tu. Hatua ya 4 naifanyaje? Na tuna klipu nzuri ya katuni mshkaji kachora lakini haifanani sana na gemu lenyewe

Mwandishi: Chalii kaa hapa, hili nalipenda. Kwenye gemu swali linakuwa "mimi ningeweza?" Kwahiyo onyesha mtu ANASHINDWA. Konda kajaza, mlango haufungi, mama na kuku wake bado yuko nje, sekunde zinaisha, kata hapo hapo. Kila anayeangalia kidole chake kitawasha kwa sababu anajua angefanya vizuri zaidi. Kuhusu katuni: kuna trela ya gemu la Dead Island, ilitoka Februari 2011, familia hotelini na mazombi, inakwenda kinyumenyume, katoto ka kike kanarudi juu dirishani badala ya kuanguka. Watu walilia kabisa. Gemu likatoka Septemba, ni la kuzunguka kisiwani unapiga mazombi na kasia, na wengi wakalalamika hawajaona ile huzuni. Trela inakumbukwa mpaka leo, ila ilikuwa inaahidi kitu kingine. Katuni wekeni sekunde 3 za mwanzo, zinazobaki zote gemu lenyewe, na muandike kabisa "hivi ndivyo linavyochezwa".

Chalii wa Njiro: Noma sana, tunaanza leo. Mama na kuku hatukuwa naye, tunamuongeza

Mama D: Mimi sina hela ya kupiga filamu nzima bado, nataka trela ya kutafutia wafadhili. Inawezekana bila sini?

Mwandishi: Inawezekana dada. Muongozaji Hitchcock mwaka 1960 kwa ajili ya filamu yake ya Psycho alitembea tu kwenye seti, zaidi ya dakika sita, anaonyesha vyumba kama mtembeza watalii, "hapa ndipo ilipotokea", anataka kusema anaacha. Nenda kwenye nyumba utakayopigia, tembea, ongea. Sauti rekodi ukiwa umejifunika blanketi zito, mwangwi unakufa.

Mama D: Na mlima Kilimanjaro nikitaka uonekane nyuma?

Mwandishi: Alfajiri. Saa mbili asubuhi mara nyingi mawingu yameshakula.

Mtoto wa Pasua: Mkuu nimerudi. Nimefanya lile jaribio la hatua ya 4 kwa bibi yangu. Amepatia mwisho wote, na nani mwizi, na alivyokamatwa. Na hizo sini sijaziweka kabisa nakuapia

Mwandishi: Basi mdogo wangu, hapo trela haina kosa. Nitumie script.