Namna ya Kupima Uamuzi wa Biashara kwa Kipimo cha Utu

Falsafa ya utu, yaani mtazamo unaotanguliza hadhi ya kila mtu, haimkatazi mfanyabiashara kutafuta faida; inamdai aeleze faida hiyo inapatikana kwa kumfanyia nani nini. Ukikabiliwa na uamuzi mgumu, tuseme wa kupunguza wafanyakazi, anza kwa kusoma upya waraka wa mapendekezo na kutia alama kila mahali watu walipoandikwa kama vitu. Tumezoea mno kusema "rasilimali watu", ilhali Kiswahili chenyewe kimewatenga mtu na kitu katika ngeli mbili. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alijenga hoja ya namna hiyo mwaka 1785: kitu kina bei na huweza kubadilishwa na kingine, lakini mtu ana hadhi isiyo na mbadala, hivyo asitumiwe kamwe kama nyenzo tu. Uzito uko kwenye hiyo "tu", kwani kila mwajiri hutumia kazi ya mwajiriwa, wala si kosa maadamu mwajiriwa ameyaelewa masharti na kuyaridhia kwa hiari.

Hatua inayofuata ndiyo hula muda. Chukua mstari mmoja wa hesabu, kwa mfano "mishahara, zamu ya usiku", kisha uandike pembeni yake ni akina nani wanaofanya zamu hiyo, ni ujuzi gani wanaoupata, ni mambo gani wanayoyaamua wenyewe, na uamuzi wako utawapokonya lipi. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi, alitofautisha kile ambacho kazi huzalisha na jinsi inavyomjenga anayeifanya. Daftari la mhasibu huonyesha cha kwanza pekee.

Kisha waulize wahusika kabla hujaamua, maana kuwauliza baadaye ni kuwatangazia. Katika ushirika wa Mondragón, Hispania, ulioanza mwaka 1956 kwa msukumo wa padri José María Arizmendiarrieta, kila mwanachama ana kura moja katika mkutano mkuu, awe meneja au fundi. Si lazima kampuni yako iwe ushirika, ila kikao kisichoweza kubadilisha lolote usikiite mashauriano.

Hesabu ije mwisho, nayo isipuuzwe, kwa kuwa biashara iliyofilisika haimlindi mtu yeyote. Hata ikilazimu kupunguza, bado ni wewe unayeamua notisi itakuwa ya muda gani, kiinua mgongo kitakuwa kiasi gani, na nani atawaeleza ana kwa ana. Andika majibu hayo katika waraka uleule, pale palipokuwa na idadi ya "nafasi" zitakazofutwa.